Jino la kupandikizwa si dawa ya ufizi mgonjwa: Funzo kwa Isiolo

HUKU matangazo ya meno ya kupandikizwa yakizidi kuonekana kwenye simu na mabango ya kliniki za kibinafsi, swali ambalo mkazi wa Isiolo anafaa kujiuliza kabla ya kuhesabu pesa zake si bei ya jino, bali ni hali ya ufizi utakaolizunguka jino hilo.

Jino la kupandikizwa ni skrubu ya madini ya titani ambayo huchimbiwa ndani ya mfupa wa taya ili ichukue nafasi ya mzizi wa jino lililong'olewa. Mfupa ukishaishika barabara, jino la bandia hufungwa juu yake. Tofauti na meno bandia ya kuvaa asubuhi na kuvua usiku, hili hukaa mahali pamoja daima, na mwenye nalo hutafuna nyama au mahindi ya kuchoma pasi na wasiwasi.

Gharama ndiyo hutisha. Jino moja aghalabu huzidi shilingi laki moja katika kliniki za Nairobi na miji mingine mikubwa, ambako huduma hii hupatikana zaidi. Kwa mfugaji wa Garbatulla au Merti, hiyo ni thamani ya ng'ombe kadhaa. Baada ya ukame wa 2020 hadi 2023, ambapo mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo katika eneo la kaskazini na mifugo wengi wakafa, hakuna familia inayoweza kumudu kuuza mifugo waliosalia kwa ajili ya jino ambalo litaanza kutikisika baada ya miaka michache.

Na jino la aina hiyo hutikisika. Uhakiki wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2015 na Jan Derks na Cristiano Tomasi wa Chuo Kikuu cha Gothenburg, Uswidi, ulikadiria kwamba takriban asilimia 43 ya watu wenye meno ya kupandikizwa hupata uvimbe wa ufizi unaoyazunguka, na kwamba asilimia 22 hupata ugonjwa mbaya zaidi unaokula mfupa ulioishika skrubu. Nchi zilizofanyiwa tafiti hizo kwa wingi ni zile ambako wagonjwa huonwa na daktari wa meno mara kwa mara.

Mambo yanayochangia hasara hiyo ni mengi, lakini moja hujitokeza kila mara: mgonjwa aliyewahi kuugua ugonjwa wa fizi, hasa ambaye hakutibiwa hadi akapona, huwa katika hatari kubwa zaidi. Kwa maneno mengine, kushindwa kwa jino jipya mara nyingi huanza kabla halijawekwa.

Uvumbuzi miwili, mwaka mmoja

Historia ya taaluma hii inasaidia kueleza kiini cha tatizo. Mnamo 1952, mtafiti wa Uswidi Per-Ingvar Brånemark alikuwa akichunguza mtiririko wa damu ndani ya mifupa ya sungura kwa kutumia kifaa kidogo cha titani. Alipotaka kukitoa, alikuta kwamba mfupa ulikuwa umekishika hata hakibanduki. Kutokana na bahati hiyo lilizaliwa wazo la kuchimbia titani katika taya la binadamu. Mwaka 1965 alimtibu mgonjwa wake wa kwanza, Gösta Larsson, ambaye aliendelea kuzitumia skrubu zake kwa zaidi ya miaka 40 hadi alipofariki mwaka 2006.

Mwaka uo huo wa 1965, katika nchi jirani ya Denmark, mtaalamu Harald Löe na wenzake wa mji wa Aarhus walichapisha utafiti mwingine ambao haukuvuma sana nje ya taaluma ya meno, ingawa uzito wake si haba. Waliwaomba watu 12 waliokuwa na fizi zenye afya waache kabisa kusafisha meno yao. Kati ya siku 10 na 21, kila mmoja wao alikuwa amevimba fizi. Waliporudia kupiga mswaki, fizi zilipona katika muda wa wiki moja hivi.

Löe alithibitisha kwamba uvimbe wa fizi hausababishwi na uzee, wala si urithi wa ukoo au jambo la kudra. Husababishwa na ukoga, yaani ule utando wa viini unaojijenga juu ya meno, na huondoka ukoga unapoondolewa.

Uvumbuzi huo miwili unafaa kusomwa pamoja. Wa kwanza ulionyesha kwamba mfupa hukubali titani. Wa pili ulionyesha kwamba ufizi haukubali uchafu. Wagonjwa wengi huelezwa habari za ule wa kwanza tu.

Askari wa mwili wanapogeuka

Ufizi unapovimba, kinachoonekana kwa macho ni wekundu na damu wakati wa kupiga mswaki. Chini ya ngozi yake nyororo kuna vita vinavyoendelea. Mnamo 1976, Roy Page wa Marekani na Hubert Schroeder wa Uswisi walieleza hatua za vita hivyo kwa utaratibu ambao wanafunzi wa udaktari wa meno wanaufuata hadi leo.

Katika siku mbili hadi nne za mwanzo, wanaofika kwanza ni askari wa doria, chembechembe nyeupe za damu ziitwazo nyutrofili. Hizi hutoka kwenye mishipa ya damu, hupenya hadi kwenye kishimo kilicho kati ya jino na ufizi, na huko huwameza viini na kufa pamoja nao. Karibu na mwisho wa wiki ya kwanza huingia limfosaiti, ambazo kazi yake ni kumtambua adui na kuwaagiza wengine. Baada ya wiki mbili tatu hutawala seli za plazima, viwanda vinavyotengeneza silaha za kinga dhidi ya kiini maalumu.

Kufikia hapo mambo bado yanaweza kurekebishwa. Ukoga ukiondolewa, askari hurudi kambini na ufizi hupona bila kovu. Lakini kwa baadhi ya watu vita havikomi. Seli za kinga huzidi kumwaga kemikali ambazo, mbali na kuua viini, huyeyusha nyuzi zinazolifunga jino na huamsha seli nyingine, osteoklasti, ambazo kazi yake ni kula mfupa. Hapo mwili unakuwa unabomoa nyumba yake wenyewe kwa lengo la kumtimua mwizi.

Haya yote hutokea kwenye jino la asili, ambalo lina ngome yake. Nyuzi za ufizi zimechomekwa ndani ya mzizi kama kamba za hema zilizofungwa kwenye vigingi, na damu hufika kutoka pande kadhaa. Jino la kupandikizwa halina ngome hiyo. Nyuzi hulizunguka sambamba nalo bila kujichomeka, na damu inayoufikia ufizi wake ni kidogo. Viini vinapopenya, hakuna kizuizi madhubuti kati yavyo na mfupa.

Ushahidi wa jambo hili ulitolewa mwaka 2014 na Olivier Carcuac na Tord Berglundh, pia wa Gothenburg, waliolinganisha vipande vya ufizi kutoka kwa wagonjwa 40 wenye ugonjwa kwenye meno ya asili na wengine 40 wenye ugonjwa kwenye meno ya kupandikizwa. Eneo lililoshambuliwa kando ya titani lilikuwa kubwa zaidi ya mara mbili, na lilijaa seli za plazima, nyutrofili na makrofaji, zile seli kubwa zinazomeza uchafu, kwa msongamano mkubwa zaidi.

Kwa hivyo, daktari anayechimba mfupa chini ya ufizi uliovimba ni sawa na fundi anayejenga nyumba mpya katikati ya moto ambao haujazimwa.

Mwenye kovu usidhani kapoa

Je, inatosha mgonjwa kusafishwa meno siku moja na kuwekewa skrubu siku inayofuata? Sayansi ya miaka ya karibuni inatoa jibu la la.

Kwanza, ufizi wenye afya si ufizi usio na seli za kinga. Mnamo 2017 watafiti wakiwemo Nicolas Dutzan, Joanne Konkel na Niki Moutsopoulos walionyesha kwa panya kwamba kule kutafuna kwenyewe, kwa mikwaruzo midogo ya kila siku, huita kwenye ufizi aina fulani ya limfosaiti za ulinzi. Mdomo ni mlango wa mwili, na mlango hauachwi bila bawabu. Kinachotafutwa kabla ya kupandikiza jino ni mabawabu watulivu, waliopo kwa kiasi, wala si kundi lenye hasira.

Pili, hasira hiyo inaweza kudumu hata chanzo chake kikiwa kimeondoka. Mwaka 2022, George Hajishengallis wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania na wenzake walichapisha utafiti, pia wa panya, ulioonyesha kwamba ugonjwa wa fizi unaweza kuufunza uboho wa mifupa, kiwanda kinachotengeneza chembechembe nyeupe za damu, kuzalisha askari wenye pupa ya kupigana. Mafunzo hayo yalizidisha makali ya ugonjwa mwingine wa uvimbe, ule wa viungo, na kinyume chake pia kilikuwa kweli.

Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Ufizi unaweza kuonekana wa waridi na kutulia kwenye kioo, ilhali seli zilizo ndani yake bado zinakumbuka vita vya jana. Ndiyo maana mwongozo wa Shirikisho la Ulaya la wataalamu wa magonjwa ya fizi, uliotolewa mwaka 2023, unataka mgonjwa wa fizi akamilishe matibabu na kuwa katika hali ya utulivu kabla ya jino kupandikizwa, badala ya mambo hayo mawili kufanywa kwa pamoja.

Kipimo chenyewe hakihitaji mitambo ya bei ghali. Daktari hupitisha kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita kati ya jino na ufizi, kisha huhesabu sehemu zinazotoka damu. Kulingana na uainishaji wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2018, kinywa huhesabiwa kuwa na afya ya fizi iwapo sehemu zinazotoka damu hazifiki asilimia 10 ya zote zilizoguswa. Kijiti hicho kinaweza kupatikana Isiolo sawa na kinavyopatikana Nairobi.

Kitendawili cha Machakos

Hapa ndipo takwimu za Kenya zinapozua mjadala. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya kinywa uliofanywa mwaka 2015 ulibaini kwamba zaidi ya watu wazima tisa katika kila kumi walitokwa na damu kwenye fizi. Ukichukua takwimu hiyo peke yake, utasema kwamba karibu Mkenya yeyote hafai kuwekewa jino la kupandikizwa.

Hata hivyo, utafiti wa awali unapunguza hofu hiyo na kuongeza maswali. Mnamo 1988, Vibeke Baelum, Ole Fejerskov na Firoze Manji walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watu 1,131 wenye umri wa kati ya miaka 15 na 65 katika wilaya ya Machakos. Walikuta ukoga na magamba yake yaliyogandamana karibu kila kinywani. Fizi zilizovimba zilikuwa jambo la kawaida. Lakini vishimo virefu vya milimita nne au zaidi vilipatikana katika pande chache za meno, chini ya asilimia 20, na uharibifu mkubwa ulikuwa umejikusanya kwa watu wachache tu.

Matokeo hayo yalitikisa imani iliyokuwa imeenea katika vitabu vya Ulaya na Marekani kwamba Waafrika wana ugonjwa mkali wa fizi kwa sababu ya uchafu wa meno. Ikawa wazi kwamba watu wawili wanaweza kuwa na ukoga wa kiasi kimoja, mmoja akazeeka na meno yake yote na mwingine akayapoteza akiwa na miaka 40. Tofauti kati yao haimo katika mswaki pekee. Imo katika jinsi seli za kinga za kila mmoja zinavyojibu.

Funzo lake kwa upandikizaji wa meno ni la moja kwa moja. Mtu aliyepoteza meno kwa sababu yalioza au yalivunjika ajalini huenda ana kinga tulivu, na ufizi wake ukisafishwa utapokea jino jipya vyema. Aliyepoteza meno kwa kuwa yalilegea yenyewe na kudondoka ni mmoja wa wale wachache ambao mwili wao hujibomoa. Wote wawili wanaweza kuketi kwenye kiti kimoja wakiwa na pengo linalofanana. Daktari asiyeuliza jino liliondokaje hajui anampandikizia nani.

Sura ya Isiolo

Katika mji wa Isiolo, mambo kadhaa yanayohusu fizi hukutana mahali pamoja. Mji huu umepakana na Meru, na miraa kutoka milima ya Nyambene huuzwa humu kila siku. Mnamo 1990, Jacob Kaimenyi, mtaalamu wa magonjwa ya fizi wa Chuo Kikuu cha Nairobi ambaye baadaye alihudumu kama Waziri wa Elimu, alichapisha na mwenzake E. Jorgensen utafiti kuhusu fizi za watafunaji wa miraa katika jarida la East African Medical Journal. Tangu hapo tafiti zilizofanywa Yemen na kwingineko zimetoa majibu yanayokinzana: baadhi zimekuta fizi zikirudi nyuma upande wa kutafunia, nyingine zimekuta viini hatari vichache upande uo huo.

Kwa anayetaka jino la kupandikizwa, hatari kubwa zaidi huenda haimo katika jani lenyewe bali katika vinavyoandamana nalo. Kinywa hukauka, soda na pipi za kutafuna huongezwa ili kupunguza uchungu, usingizi na mswaki wa usiku husahaulika, na sigara huwashwa moja baada ya nyingine. Moshi wa sigara ndio adui msiri kuliko wote. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu, hivyo ufizi wa mvutaji hautoki damu sana hata unapougua. Yule anayejisifu kwamba fizi zake hazijawahi kumwaga damu huenda ndiye ambaye mfupa wake umeliwa zaidi.

Kwa upande mwingine, wakazi wa Isiolo wana hazina ambayo miji mingi haina. Mti wa mswaki, ambao wataalamu huuita Salvadora persica, humea katika nchi kavu za kaskazini, na vijiti vyake hutumiwa na Waborana, Wasomali na jamii nyingine, aghalabu kabla ya sala. Shirika la Afya Duniani, WHO, liliunga mkono matumizi yake tangu miaka ya themanini. Kijiti hicho huondoa ukoga iwapo kitafikishwa kila pembe. Kasoro ni kwamba wengi husugua meno ya mbele tu, tena kwa nguvu, wakaacha upande wa ulimi na magego ya nyuma, ambako ukoga hujificha.

Zaidi ya hayo kuna desturi ya kung'oa meno ya mbele ya chini. Imejulikana miongoni mwa Waturkana na Wasamburu, ambao baadhi yao huishi katika kaunti hii, kama ilivyojulikana pia kwa Waluo magharibi mwa nchi. Kijana aliyelelewa kijijini pengo likiwa alama ya heshima huenda akaja kulitaka lizibwe akiwa mjini akitafuta kazi.

Hili limeshatokea mbali na hapa. Wakimbizi wa Kidinka na Kinuer kutoka Sudan waliopata makao katika jimbo la Nebraska, Marekani, waliwaendea madaktari wakitaka kurudishiwa meno waliyong'olewa utotoni. Mwanaanthropolojia Mary Willis na wenzake walieleza visa vyao katika jarida la kitaaluma mwaka 2005. Watu wa aina hii hawakupoteza meno kwa sababu ya ugonjwa wa fizi, na kwa mujibu wa funzo la Machakos, kinga yao huenda ni tulivu. Tatizo lao ni jingine: mfupa uliokaa miaka mingi bila jino husinyaa, na ufizi ulio juu yake huwa mwembamba. Nao pia wanahitaji kupimwa, ila kipimo chao si kile cha mzee mwenye kisukari.

Kisukari chenyewe hakiwezi kupuuzwa. Sukari ikiwa juu katika damu, nyutrofili hupoteza shabaha, vidonda huchelewa kupona na mfupa huchelewa kuishika skrubu. Nao ugonjwa wa fizi, kwa kuwasha moto wa kudumu mwilini, hufanya sukari iwe ngumu kudhibitiwa. Mgonjwa anayeingia katika mzunguko huo bila kupimwa damu yuko hatarini kupoteza jino na pesa kwa pamoja.

Kishawishi cha kung'oa yote

Kuna wanaosema kwamba njia ya mkato ipo: meno yote yaliyougua yang'olewe, ugonjwa utaondoka nayo, kisha yapandikizwe mapya. Hoja hii huvutia kwa sababu kung'oa ni haraka na ni rahisi kuliko kusafisha fizi kwa wiki kadhaa.

Lakini viini haviishi kwenye meno pekee. Hubaki kwenye ulimi, kwenye mate na kwenye mikunjo ya kinywa, na skrubu mpya inapowekwa huipata na kuifanya makao. Mwili nao unabaki ule ule, na kinga yake ile ile. Zaidi ya hayo, jino la asili lililolegea kidogo likitibiwa linaweza kudumu miaka mingi kwa gharama ndogo mno ikilinganishwa na la titani. Daktari anayeng'oa jino linaloweza kuokolewa ili apate nafasi ya kuuza jingine humtia mgonjwa hasara maradufu.

Nani atazima moto?

Kiini cha suala hili, hata hivyo, hakimo ndani ya kliniki. Katiba ya mwaka 2010 ilikabidhi serikali za kaunti huduma za afya, isipokuwa hospitali za rufaa za kitaifa na sera. Ni jukumu la kaunti, basi, kuamua iwapo kitengo cha meno katika hospitali yake kitakuwa mahali pa kung'olea tu au mahali pa kutibia fizi.

Hesabu hazipendezi. Kwa mujibu wa WHO, kati ya 2014 na 2019 eneo lake la Afrika lilikuwa na madaktari wa meno 3.3 kwa kila watu 100,000, takriban sehemu moja ya kumi ya wastani wa dunia. Kaunti ya Isiolo ilihesabiwa kuwa na watu 268,002 katika sensa ya 2019. Hata kwa wastani huo duni, ingestahili madaktari wa meno wapatao tisa, kila mmoja akihudumia karibu kilomita mraba 2,800, kwa kuwa kaunti ina ukubwa wa kilomita mraba zaidi ya 25,000.

Daktari wa meno, hata hivyo, si lazima awe ndiye anayesafisha kila ufizi. Kenya hufunza maafisa wa afya ya kinywa ya jamii katika Chuo cha Mafunzo ya Udaktari, KMTC. Kazi yao ni pamoja na kuondoa ukoga uliogandamana na kuwaelekeza watu jinsi ya kupiga mswaki. Afisa mmoja Merti na mwingine Garbatulla, wakiwa na vifaa vya kusafishia na kijiti cha milimita, wanaweza kuzima moto mwingi kabla haujafika mfupani. Mgonjwa wa Merti anayelazimika kusafiri zaidi ya kilomita 200 hadi mjini Isiolo kwa ajili ya kusafishwa fizi hatasafiri. Atasubiri jino liume, kisha ataling'oa.

Mwaka 2022 serikali ya kitaifa ilitoa sera ya afya ya kinywa, na mwaka uo huo WHO ikaripoti kwamba watu wapatao bilioni 3.5 duniani wana magonjwa ya kinywa, huku bilioni moja hivi wakiwa na ugonjwa mkali wa fizi. Tangu Oktoba 2024, bima ya NHIF imebadilishwa na ile ya SHIF chini ya mamlaka ya SHA, ambayo hukata asilimia 2.75 ya mshahara wa mfanyakazi. Mjadala kuhusu bima hiyo umezingatia zaidi saratani, figo na uzazi, na ni haki. Lakini usafishaji wa fizi ni miongoni mwa tiba za bei nafuu zaidi zinazoweza kuzuia hasara kubwa, na haufai kuchukuliwa kama urembo.

Suala la ufuatiliaji nalo ni zito. Baada ya jino kupandikizwa, ufizi wake unapaswa kukaguliwa na kusafishwa kila baada ya miezi michache, maisha yote. Barabara ya lami imeufanya mji wa Isiolo kuwa karibu na Nairobi, takriban kilomita 285, na kwenda mara moja kuwekewa jino si shida. Shida ni kwenda tena na tena. Kliniki inayompokea mgonjwa kutoka kaskazini bila kumuuliza atakaguliwa wapi mwezi wa sita inamuuzia kitu nusu.

Maswali ya kuuliza

Mgonjwa, kwa upande wake, hana haja ya kujua majina ya seli zote ili ajilinde. Yatosha aulize mambo machache kabla ya kutoa hata shilingi moja. Fizi zake zimepimwa kwa kijiti, na ni asilimia ngapi zilitoka damu? Ukoga uliogandamana umeondolewa, na zimepita wiki ngapi tangu hapo kabla ya kupimwa tena? Jino lililoondoka liliondoka kwa sababu gani? Sukari yake ya damu ni kiasi gani? Kama anavuta sigara, ameelezwa kwamba uvutaji hupunguza uwezekano wa mfupa kuishika titani? Na nani atamkagua akisharudi nyumbani?

Daktari mwenye nia njema hatachukizwa na maswali hayo, kwa kuwa ndiyo anayopaswa kujiuliza mwenyewe. Anayejibu kwa kuharakisha tarehe ya upasuaji amejibu pia, kwa njia yake.

Teknolojia ya Brånemark ni neema, na hakuna sababu ya wakazi wa kaskazini kunyimwa kwa kisingizio cha umbali au umaskini. Ila neema hiyo husimama juu ya msingi ambao Löe aliuonyesha mwaka ule ule kwa watu 12 walioacha kupiga mswaki. Kaunti itakayowekeza katika titani kabla ya kuwekeza katika usafi wa fizi itakuwa imenunua paa kabla ya kujenga ukuta, na watakaolipia kosa hilo ni wale waliouza ng'ombe wao wakidhani wananunua jino la kudumu.